Mfadhili kaleta simenti, wageni wanakuta kufuli: jibu kwa mama wa Malindi na kanisa lao la zamani

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mzee. Sisi ni wamama sita na wazee wawili ndo tunaangalia kanisa letu dogo la mawe hapa kijijini, bara kidogo kutoka Malindi. Lilijengwa na wamishonari, wazee wanasema babu zao ndo waliobeba mawe. Ukuta wa upande wa kusi unalowa na unatoa unga mweupe, plasta inabanduka. Mfadhili ametuletea mifuko kumi ya simenti na fundi anasema wiki moja amemaliza. Halafu wageni wameanza kuja, wazungu na wanafunzi, siku nyingine wanakuta kufuli, siku nyingine tupo lakini hatujui tuwaambie nini. Tuanzie wapi? Na simenti tumrudishie mfadhili?"

Marahaba mamangu, na mnisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa Lamu kwenye nyumba moja ya zamani ambayo dari lilikuwa linataka kushuka, sikuweza kuondoka. Swali lako nimelisoma mara tatu. Umeniuliza mambo mawili, ukuta na wageni, ukayaweka mbalimbali kama vile moja ni la fundi na lingine ni la kamati, na mimi nitakujibu kirefu manake naona ni jambo moja. Kanisa lililofungwa kufuli wiki nzima ndo linalooza. Ukiufungua mlango na madirisha kila asubuhi hewa inapita, ukuta unakauka, mtu anaona tone la kwanza likidondoka kwenye benchi kabla boriti haijaoza, anaona mchwa wakiwa bado wameanza kijia kimoja tu cha udongo kwenye fremu. Mgeni ndo anayewapa sababu ya kufungua mlango kila siku. Kwa hivyo ukiniuliza mwanzie wapi, anzieni kwenye ufunguo.

Lakini kwanza simenti, kwa sababu hilo ni la haraka. Mwambie fundi asimame. Mwambie kwa heshima, hana nia mbaya, ndivyo alivyofunzwa na kwenye nyumba ya bloku anachosema ni sawa kabisa. Kwenye kanisa lenu ni sumu.

Nikueleze kwa nini. Hayo mawe yenu ni matumbawe ya timbo, yaani ya kuchimbwa ardhini, yale yaliyojaa vitundu, yamejengwa kwa chokaa na udongo. Ukuta wa namna hiyo unanyonya maji kutoka chini kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, na hapa kwetu maji ya ardhini yana chumvi, hata mchanga waliojengea zamani mara nyingi ulikuwa na chumvi yake. Plasta ya chokaa ina vitundu vidogo vidogo, maji yanafika usoni yanatoka na upepo, chumvi inabaki juu, unaipangusa na brashi kavu basi. Huo unga mweupe unaouona ndo hiyo chumvi. Sasa ukipiga simenti umeziba mdomo wa ukuta. Maji hayakomi kupanda, yanakosa tu pa kutokea, yanaendelea juu zaidi mpaka yapate upenyo, na chumvi badala ya kukaukia nje inakaukia ndani ya jiwe, inajigeuza punje ngumu, inavimba, inalipasua jiwe kutoka ndani. Nje utaona ukuta mzuri laini miaka miwili mitatu, umepakwa rangi, mfadhili amepigwa picha. Ndani jiwe linageuka unga.

Hii siisemi kwa kusoma. Nilipokuwa kijana niliwahi kupewa nyumba ya zamani Lamu, mwenyewe alikuwa na haraka ya kuoza binti, nikachanganya simenti kwa mikono yangu nikapiga ukuta wote wa ua. Masika ya tatu ikashuka vipande vikubwa kama meza, na kila kipande kimeng'oa uso wa jiwe pamoja nacho. Fundi wangu mkubwa, Mungu amrehemu, aliniita akaniwekea kipande cha lile tumbawe kiganjani akaniambia finya. Nikafinya, likamiminika kama unga wa muhogo. Lilikuwa limekaa hapo miaka mia na zaidi likiwa zima na mimi nimelimaliza kwa masika matatu. Mpaka leo nikiona mfuko wa simenti karibu na ukuta wa chokaa roho inanienda mbio.

Na si sisi tu. Uingereza ambako kila kijiji kina kanisa la mawe la miaka mia nne, mia nane, walifanya kosa hilo hilo kwa bidii, wakapiga simenti makanisa mengi na sasa wanalipa mafundi kuibandua polepole warudishe chokaa. Kule mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale kwa sababu waliona makanisa yanaharibiwa na watu wanaoyapenda, wanayakwangua na kuyafanya mapya, na walichokuwa wanaomba ni matunzo ya kila siku, uzibe tundu leo ili kesho usijenge ukuta. Mnaona, hata wao waliishia kwenye lile la ufa.

Basi kabla ya fundi yeyote kugusa chochote, tafuteni maji yanatoka wapi. Chukueni karatasi ya nailoni inayoonyesha, ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, ibandikeni ukutani kwa selotepu pande zote nne, mkiikuta plasta inabanduka basi chagueni mahali palipo pazima kidogo. Iacheni siku mbili. Mkikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Mkikuta matone upande wa nje, wa chumbani, basi ni hewa ya ndani imejaa unyevu, na dawa yake ni madirisha tu. Mara nyingi ni yote mawili.

Halafu mtoke nje mzunguke jengo mvua ikiwa inanyesha. Wakati huo huo, msingoje ianuke, mchukue mwavuli mzunguke. Hapo ndo jengo linasema kila kitu. Tazameni maji ya paa yanadondokea wapi. Hukusema kama paa ni mabati au makuti, kama ni makuti hakuna gata, kwa hivyo yale makuti ya ukingoni lazima yatokeze mbali na ukuta na pale yanapodondokea muweke utepe wa kokoto ili maji yasirushe matope ukutani. Kama ni mabati angalieni gata limejaa majani ya mwarobaini au limetoboka, nimeona ukuta mzima umeharibiwa na gata lililotoboka tundu la senti moja.

Na angalieni udongo. Kwenye makanisa ya zamani karibu yote udongo umepanda, kila mwaka watu wanafagia wanasukuma mchanga kwenye ukuta, miaka hamsini ikipita ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani na ukuta umekaa kwenye bafu. Uteremsheni huo udongo, uwe chini ya sakafu kama shibiri moja, na uinamie mbali na jengo. Tena nitakwambia kitu wamama hawatakipenda: yale maua yaliyopandwa chini ya ukuta na yanamwagiliwa kila jioni, yahamisheni. Najua yanapendeza. Yapandeni kando ya njia ya kuingilia, mgeni atayafurahia zaidi huko na ukuta utapona.

Ila mkichimba mchimbe kwa adabu. Kanisa la zamani lina makaburi, mengine hayana alama tena. Mkikutana na mfupa au vigae vya zamani simamisheni jembe, msiendelee, toeni taarifa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inadai hivyo, na kama kanisa lenu limechapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali kama jengo la urithi basi hamruhusiwi kulibadilisha hata kidogo bila ruhusa. Kwa vyovyote nendeni ofisi ya makumbusho pale Malindi mjini mwulize, na mwende watu wawili watatu na picha, sio simu. Na mzungumze na wakubwa wa dayosisi yenu pia, jengo ni lao kwa karatasi hata kama jasho ni lenu.

Maji yakishazuiliwa, ngojeni. Hili gumu kwa watu kwa sababu kila mtu anataka kuona kazi. Ukuta uliolowa miaka kumi haukauki kwa wiki, unataka kaskazi moja nzima. Bandueni ile plasta iliyokwisha kulegea, gongeni kwa kifundo cha kidole, inayolia tupu itoke, inayolia nzito iacheni, hata kama haipendezi. Piga brashi chumvi kila inapotoka, brashi kavu, na unga wake muuzoe muutupe mbali, usiuoshe kwa maji manake unairudisha ndani.

Ndo sasa chokaa. Chokaa ya mfuko inapatikana lakini muwe macho, kuna chokaa ya kujengea na kuna ile ya shamba ya kurekebisha udongo, ambayo ni mawe yaliyosagwa tu, hiyo haishiki kitu hata uikoroge mwaka. Ya kujengea iloweni kwenye pipa usiku kucha au zaidi, ikikaa wiki kadhaa chini ya maji inazidi kuwa laini kama siagi. Mkipata mtu bado anachoma tanuu na anauza chokaa mbichi ni bora sana, lakini kuizima ni kazi ya mtu anayejua, inachemka yenyewe, inaruka, na ikiingia jichoni inapofua. Watoto wawe mbali kabisa, na mvae miwani. Vipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga, mchanga wa mto uliooshwa, sio wa bichi hata uwe wa bure. Uloweshe ukuta kwanza, piga tabaka jembamba la sentimita moja, ngoja likaze siku kadhaa, ndo upige la pili. Na uufunike kwa magunia yaliyoloweshwa, kwa sababu chokaa haikazi kama simenti, inakaza kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu kidogo, jua likiipiga moja kwa moja inapasuka na kuwa vumbi. Kwa hivyo msifanye kwenye jua la Januari wala katikati ya masika. Baada ya masika, Julai mpaka Septemba, kusi inavuma na hewa ina ubaridi, ndo wakati wake. Juu mnamalizia kwa kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne mara tano, kila mkono ukikauka, ile ambayo Lamu tukiifanya laini sana tunaiita niru. Rangi ya maji ya plastiki ya dukani ni ndugu yake simenti, usiikaribishe.

Fundi wenu mfanyeni awe mwanafunzi pamoja nanyi, asijione kafukuzwa. Mimi Mwislamu, chokaa nimejifunzia misikitini, na aliyenifunza alikuwa akivua viatu hata akiingia kupaka kanisa. Kazi hii ilikuwa ya wote na mafundi wanaoijua wamebaki wachache, nikipata nafasi nitakuja nikae nanyi siku mbili, nauli tu inatosha.

Ndani nitapita haraka. Fagieni kwa fagio laini, lile la chelewa ni la uwanjani, sakafu ya chokaa linaichuna. Mavi ya popo msiyafagie makavu, nyunyizieni maji kwanza na mjifunge kitambaa puani. Madaftari ya zamani ya ubatizo na ndoa, kama mnayo, hayo ni mali kuliko kengele: msiyabandike selotepu, msiyapeleke kufungiwa plastiki, yawekeni kwenye sanduku juu mbali na sakafu, piga picha kila ukurasa na simu mkiwa na mwanga wa dirishani, na anayetaka kuandika karibu nayo ashike penseli, kalamu ya wino hapana.

Sasa wageni.

Mgeni wa kanisa la kijijini mara nyingi hakuja kwa ajili ya historia. Wengine wamekimbia jua. Wengine wana msiba ambao hawausemi. Kuna mzungu wa pale Malindi, wale Waitaliano wanaokaa miezi, anakuja kila mwaka anakaa benchi moja nusu saa anaondoka. Kuna kijana wa Nairobi aliyekuja kutafuta jina la babu yake. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kumwacha. Msalimie, karibu, mwonyeshe kiti na maji ya kunywa, mwambie unaitwa fulani na uko pale kama ana swali, halafu rudi ukae. Nimewaona waangalizi wanaomfuata mgeni hatua kwa hatua wakimimina maneno tangu mlangoni, na mgeni mwenyewe macho yanatafuta pa kutulia hayapati. Hodi ya pili ikigongwa, yaani akikugeukia na kuuliza, hapo ndo uongee, na uongee vizuri.

Kwa hilo mnahitaji zamu, na zamu muipange kwa uwezo wenu wa kweli. Mko wanane. Msitangaze kwamba mko wazi siku saba halafu watu wakute kufuli, afadhali siku tatu, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa tatu mpaka saa sita, na hizo siku ziwe kama adhana, hazikosi. Siku nyingine mtu mmoja aende asubuhi afungue madirisha tu na afunge jioni. Andikeni siku hizo kwenye kibao mlangoni pamoja na namba ya simu ya kikundi. Muwe wawili wawili, mmoja mzee mmoja kijana, mzee ana habari na kijana ana lugha, si unajua Malindi watoto wanaongea Kiitaliano cha barabarani vizuri kuliko Kiingereza. Na funguo ziwe mbili, zikae nyumba mbili tofauti, nimeona kanisa limefungwa miezi miwili kwa sababu mwenye ufunguo alisafiri kuuguza mgonjwa. Uingereza kuna shirika linaitwa Churches Conservation Trust, liko tangu 1969, linatunza makanisa zaidi ya 350 ambayo hayana tena ibada za kila wiki, na mengi yanafunguliwa na watu kama nyinyi, majirani wa kujitolea wenye ufunguo na fagio. Kwa hivyo msione ni kazi ndogo.

La kuwaambia ni nini? Ukweli, na ukweli una ngazi zake. Chukueni daftari mgawe kurasa tatu. Ya kwanza ni tunayoyajua kwa sababu yameandikwa, kwenye jiwe la ukutani, kwenye daftari la ubatizo, kwenye kaburi. Ya pili ni wazee wanavyosema, na muandike mzee gani alisema na lini, waendeeni leo leo na simu muwarekodi, kila matanga ukurasa unachanika. Ya tatu ni tusiyoyajua. Hiyo ya tatu msiione aibu. Mgeni akiuliza jambo na ukamwambia hilo hatulijui lakini tunalitafuta, anakuamini kwa yale mengine yote.

Nendeni siku moja wote wanane Malindi mjini, mkaangalie kile kikanisa cha Wareno, kidogo, cha kuta nyeupe na makuti, kiko chini ya makumbusho, na kutoka hapo mtembee mpaka kwenye mnara wa Vasco da Gama. Barabarani mtasikia watu wanawaambia wageni eti kile kikanisa Vasco da Gama alikijenga. Yule bwana alifika Malindi Aprili 1498, akakaa siku chache, akapata nahodha wa kumwongoza akavuka kwenda India, hakuwa na wakati wa kujenga kanisa. Na kwenye mnara wenyewe mgeni mwonyesheni ule msalaba wa juu, mawe yake yaliletwa kutoka Ureno, chini yake ndo matumbawe ya kwetu. Mtu akiliona hilo kwa macho yake harudi bure.

Lakini kile ninachokipenda zaidi ni cha 1542. Mwaka huo Francis Xavier, padri aliyekuja kuitwa mtakatifu, alipita Malindi akielekea Goa kule India, alikuwa ameondoka Lisbon Aprili ya mwaka wa nyuma. Alipofika Goa akaandika barua Septemba ile, na anasema kwamba Malindi walimzika mtu aliyekufa chomboni mwao, na Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi walivyomzika maiti wao. Halafu anasema mkubwa mmoja wa mji alimwuliza kama Wakristo kwao wanahudhuria makanisa yao na wanasali kwa moyo, kwa sababu hapa ibada imepungua, misikiti iko kumi na saba na inayoswaliwa ni mitatu tu, na hiyo mitatu nayo watu wachache. Hebu fikiria. Miaka karibu mia tano nyuma, watu wawili wa dini mbili wamekaa hapa Malindi, mmoja anamlalamikia mwenzake safu ziko tupu. Nikiwasimulia wageni hiyo, Mkristo anacheka na Mwislamu anacheka, halafu wote wananyamaza. Hakuna haja ya kuongeza chumvi. Na kumbuka vijitabu vinasema alizika askari wawili, barua yake inazungumzia mtu mmoja, kwa hivyo mimi nasema mmoja. Hivyo ndo nataka mfanye na kanisa lenu, tafuteni kisa kimoja kidogo cha kweli, mkijue mpaka mwisho. Kile cha babu zenu kubeba mawe naona ndo chenyewe: waliyatoa timbo gani, umbali gani, walilipwa nini au hawakulipwa, nani alikuwa anapika. Mpelekeni mgeni akaguse jiwe lenyewe mkimsimulia.

Wanafunzi wakija msiwasomeshe tarehe. Wape kazi, wahesabu aina za mawe, watafute alama ya tezo la fundi kwenye boriti, wachore dirisha. Mtoto aliyelichora dirisha atarudi na mamake.

Pesa sasa, na hapa muwe wakali. Msiweke kiingilio, ni nyumba ya ibada, wekeni sanduku lenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili wasiolala nyumba moja, linafunguliwa mbele ya watatu, linahesabiwa, inaandikwa na kubandikwa mlangoni ndani: mwezi huu tumepata kiasi hiki, tumenunua chokaa, tumelipa mwenye ngazi. Namba ya kulipia kwa M-Pesa iwe ya kikundi, isiwe ya mtu hata awe mwaminifu namna gani, kwa sababu siku atakayosingiziwa hamtaweza kumtetea. Jiandikisheni kama kikundi cha jamii, sheria yake ipo tangu 2022, bila hivyo benki haiwafungulii akaunti na mfadhili anayejua kazi yake hawapi kitu. Vijana wanaoleta watalii wataomba kamisheni, wapeni maji na heshima, kamisheni hapana, na muwaeleze mapema ili pasiwe na ugomvi mbele ya mgeni.

Kitabu cha wageni muwe nacho, jina na anakotoka na neno lake. Msiwaombe namba za simu humo, kila anayefungua atazisoma, na tangu 2019 kuna sheria ya kulinda habari za watu. Picha za jengo ruhusa, picha za watoto na za watu wanaosali hapana, na hilo muliseme mlangoni kwa upole kabla hajatoa simu. Wekeni leso mbili tatu safi kwenye msumari kwa anayekuja na nguo za bichi, mpe huku ukitabasamu, wengi wanaona raha kufungwa leso kuliko wangeona kukatazwa. Na kukiwa na maziko au ibada, mlango kwa wageni unafungwa, bila maelezo marefu.

Umeniuliza pia mwishoni kama mmrudishie mfadhili simenti yake. Msirudishe. Mpigieni simu mumweleze kama nilivyokueleza, mwambieni mawe haya yanataka chokaa, nina hakika ataelewa, alitaka kusaidia. Halafu mwiteni fundi yule yule aje apime. Hukutaja choo, na wageni wenu wametoka Malindi wamekaa garini na juani, na wazee wenu wawili wanakaa zamu saa tatu nzima. Mifuko kumi itasaidia sana kwenye sakafu na kuta za choo kizuri cha vyumba viwili, kijengeni upande wa magharibi mbali na kanisa, mahali ambapo ardhi inateremka, kiwe na mlango mpana wa mtu mwenye fimbo na bomba la kunawia. Hapo simenti iko nyumbani kwake.